Senti kubwa na nusu senti za Marekani, 1793 hadi 1857: jinsi ya kuzitambua, kuzinunua na kuzitunza

Kati ya 1793 na 1857 kiwanda cha sarafu cha serikali kule Philadelphia kilipiga sarafu mbili za shaba nyekundu tupu: senti kubwa, yenye upana wa milimita 27 hadi 29, na nusu senti, yenye upana wa milimita 23 hivi. Sheria ya tarehe 21 Februari 1857 ilizikomesha zote mbili, na senti ndogo yenye picha ya tai anayeruka ikashika nafasi. Katika miongo ya mwanzo mihuri ya kupigia ilitengenezwa kwa mkono: nywele zilichongwa, herufi na tarakimu zikagongwa moja moja. Muhuri ukipasuka uliwekwa mwingine, na ule mpya haukufanana kabisa na wa kwanza.

Anayeanza huuliza mwaka. Anayezijua sarafu hizi huangalia kwanza ngozi ya shaba, yaani hali na rangi ya uso wake, kisha jozi ya mihuri iliyoipiga, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo, na mwaka huja wa tatu. Fuata mpangilio huo tangu sarafu ya kwanza, maana hasara nyingi huanzia hapo: mtu hulipia tarakimu nne, akafika nyumbani na kipande cha shaba kilicholiwa na kutu au kilichosuguliwa.

Anzia mwisho, rudi nyuma

Usianze na 1793. Anza na senti za 1840 hadi 1857, zile za Bibi Uhuru (mwanamke anayewakilisha uhuru) mwenye nywele zilizosukwa na kufungwa nyuma. Zilipigwa kwa mamilioni, na zilizotumika kwa kiasi hupatikana kwa makumi ya dola. Nunua tano au sita za miaka tofauti, na katika hizo moja iwe mbaya kwa makusudi, yenye vishimo au iliyong'arishwa, ili jicho lizoee kutofautisha. Ukiwa Unguja au Mombasa, zile pesa za shaba za Sultani Barghash za mwaka 1299 wa Hijria zinafaa vilevile kwa mazoezi ya kusoma ngozi ya shaba: nazo ni shaba ya karne ya 19 iliyopita mikono mingi.

Baada ya hapo rudi kwenye senti za 1816 hadi 1839. Hapa kuna jambo la kufurahisha. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, kasha la senti ambazo hazijatumika lilipatikana katika jimbo la Georgia, nyingi zikiwa za 1816 hadi 1820. Wakusanyaji huliita hazina ya Randall. Kwa sababu yake senti ya 1818 au 1820 yenye wekundu wa asili bado ni rahisi kupata kuliko ya 1821 au 1823 ya hali hiyohiyo. Senti ya 1815 usiitafute, haipo. Vita na Uingereza vilikata shehena za visahani vya shaba (vipande vya duara ambavyo bado havijapigwa) vilivyokuwa vikitoka kwa kampuni ya Matthew Boulton ya Birmingham, na kiwanda kikakosa shaba ya kupiga.

Nyuma zaidi kuna sura hizi: kichwa cha mtindo wa Kigiriki (1808 hadi 1814), Bibi Uhuru mwenye vazi kifuani (1796 hadi 1807), mwenye kofia ya uhuru kwenye fimbo (1793 hadi 1796), na zile mbili za mwanzo kabisa za 1793, yaani ya mnyororo na ya shada. Ya mnyororo ilipigwa vipande 36,103 tu na ina mnyororo wa pete 15 mgongoni. Hata iliyosuguka hadi nusu ya herufi kupotea huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa nusu senti, njia rahisi ya kuingia ni miaka ya 1804, 1806, 1828, 1833, 1835, 1851 na 1853. Ngumu kuliko zote ni ya 1796, iliyopigwa 1,390 tu, hasa ile isiyo na fimbo nyuma ya kichwa. Nusu senti za 1840 hadi 1848 zilipigwa kwa ajili ya wakusanyaji peke yao, kwa hiyo ukitafuta ya mzunguko ruka hadi 1849.

Vifaa

Vitu vinne vinatosha: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa, lenzi ya mkono ya kukuza mara 7 hadi 10, na taa moja ya mezani inayoweza kuinamishwa. Lenzi ya mara 20 inaonyesha eneo dogo mno, utapoteza picha nzima. Taa ziwe moja, si mbili: mwanga ukitoka upande mmoja tu, kila mkwaruzo na kila kishimo hutupa kivuli. Izungushe sarafu chini ya taa, taa ibaki palepale.

Uzito na ukingo

Senti kutoka 1793 hadi karibu na mwisho wa 1795 ina uzito wa kisheria wa gramu 13.48, kuanzia mwisho wa 1795, bei ya shaba ilipopanda, ulishushwa hadi gramu 10.89 na ukabaki hapo mpaka 1857. Nusu senti ni gramu 6.74 mwanzoni na 5.44 baadaye. Kiwanda cha miaka ya 1790 hakikuwa na vipimo vikali, na kuchakaa nako hupunguza, kwa hiyo kupungua kwa asilimia kadhaa si tatizo. Kuzidi ndiko kunakotia shaka. Senti ya 1804 yenye gramu 12 inahitaji maelezo mazuri sana.

Ukingo usomwe kila mara, na ndiyo kasoro ya makasha ya plastiki yanayouficha. Senti ya mnyororo ina mizabibu na vifito ukingoni. Ya shada ina mizabibu hiyo au maandishi ONE HUNDRED FOR A DOLLAR, na za kofia hadi 1795 zina maandishi hayo hayo. Nusu senti za mwanzo zimeandikwa TWO HUNDRED FOR A DOLLAR. Visahani vilipopunguzwa uzito vilikuwa vyembamba mno kubeba herufi, na tangu hapo ukingo ni mtupu isipokuwa kwa vipande vichache vya pekee, kama senti ya 1795 yenye ukingo wa mistari, ambayo ni adimu kupindukia.

Ukiona mshono unaozunguka ukingo, una nakala ya umeme mkononi. Hizi zilitengenezwa karne ya 19 kwa kupaka shaba juu ya kalibu ya sarafu halisi, kisha maganda mawili yakaunganishwa na katikati kujazwa risasi. Uso wake unadanganya kabisa kwa sababu umenakiliwa kutoka kwa sarafu ya kweli. Uzito na mlio wake havidanganyi. Zile za kumiminwa hutambulika kwa vipele vidogo na herufi zenye mabega ya mviringo, kama sabuni iliyotumika.

Kipimo cha mwisho ni msongamano. Weka glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa juu ya mizani, isome sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa kuta wala kitako. Namba inayotokea ni ujazo wake; gawanya uzito kwa namba hiyo upate msongamano. Sarafu ya gramu 10.80 iliyosoma 1.22 ina msongamano wa 8.85, na hiyo ni shaba nyekundu. Shaba njano ingesoma karibu 1.28. Viputo vya hewa vikishika kwenye herufi namba huwa kubwa na sarafu nzuri huonekana mbaya, basi viondoe kwa brashi laini kwanza. Kwa nusu senti kipimo hiki ni dhaifu, kwa sababu kosa la gramu 0.02 linatosha kuchanganya metali hizo mbili, isipokuwa una mizani ya gramu 0.001.

Kutambua jozi ya mihuri

Kila jozi inayojulikana ina nambari. Senti za 1793 hadi 1814 hutumia nambari za William Sheldon, zinazoandikwa S: ya kwanza, S-1, ni ya mnyororo ambayo jina la nchi limekatwa na kuandikwa AMERI. kwa kukosa nafasi. Senti za 1816 hadi 1857 hutumia nambari za Howard Newcomb, N, zikianza upya kila mwaka. Nusu senti hutumia za Roger Cohen, C. Pamoja na nambari huja kipimo cha uadimu, R: R-1 ni zaidi ya vipande 1,250 vinavyojulikana, R-4 ni 76 hadi 200, R-5 ni 31 hadi 75, R-6 ni 13 hadi 30, R-7 ni 4 hadi 12, na R-8 ni kimoja hadi vitatu. Mwaka wa kawaida kabisa unaweza kuwa na jozi ya R-6 ndani yake, na mwuzaji asiyejua nambari huiuza kwa bei ya kawaida. Hapo ndipo maarifa hulipa, na ndiyo raha kubwa ya sarafu hizi.

Fanya mazoezi na mwaka wa 1806, maana una jozi moja tu, S-270. Kila senti halali ya 1806 lazima ifanane na picha moja. Ukishazoea, nenda kwenye 1798 au 1794. Mwaka wa 1794 una nambari S-17 hadi S-72, na humo imo S-48 ambayo mgongoni ina nyota ndogo 94 zilizozunguka ukingo.

Utaratibu wa kusoma ni huu. Tazama tarakimu za mwaka kwanza: zimekaribiana au zimeachana, ya mwisho inagusa kifua au haigusi. Panda kwenye LIBERTY, uone ni herufi gani iliyo juu ya paji la uso na kama kuna iliyogongwa mara mbili. Geuza mgongo. Hapa ndipo penye ushahidi mwingi: ncha ya jani la juu kabisa la shada inaelekea katikati ya herufi ipi, mguu wa kulia au wa kushoto? Hesabu vitunda kila upande wa shada. Angalia mstari wa sehemu 1/100 chini, urefu wake na unakoelekea. Nyufa za muhuri ziache za mwisho, kwa kuwa hubadilika. Muhuri mpya hauna ufa. Ufa huanza kama unywele ulioinuka juu ya shaba, hukua, na hatimaye kipande cha muhuri huvunjika na kuacha bonge tupu ukingoni. Anayetambua kwa nyufa tu hukwama akipata sarafu iliyopigwa mapema.

Makosa ya mafundi ni sehemu ya utamu. Senti ya 1801, S-219, ina matatu kwa pamoja mgongoni: sehemu imeandikwa 1/000, shina moja la shada limesahauliwa, na UNITED inasomeka IINITED. Ya 1796, S-103, inasomeka LIHERTY.

Usichanganye makosa ya kisahani na madhara ya baadaye. Ufa wa kisahani ulikuwapo kabla ya kupigwa, kwa hiyo kingo zake zimelainika na mchoro hupita ndani yake. Mkwaruzo wa kisu una kingo zilizoinuka. Kwenye nusu senti kadhaa za 1795 na 1797 utaona mabaki ya mchoro mwingine kabisa chini ya sura. Kiwanda kilikuwa kimenunua tokeni za shaba za kampuni ya Talbot, Allum & Lee na kuzikata kuwa visahani. Hilo ni jambo la kulipia zaidi, wala si kasoro.

Daraja na ngozi

Kipimo cha ubora cha 1 hadi 70 kinachotumika leo kwa sarafu zote za Marekani kilizaliwa kwenye senti hizi. Sheldon alikitunga mwaka 1949 akilinganisha bei za senti ya 1794: ya 70 ilithaminiwa mara 70 ya ile ya 1. Siku hizi sarafu moja hupewa madaraja mawili tofauti. Kampuni za kufunga makashani, kama PCGS na NGC, zina lao. Chama cha wakusanyaji cha Early American Coppers, kilichoanzishwa 1967, kina lake, ambalo ni kali zaidi. Katika utaratibu wa chama, kwanza unapima ukali wa mchoro, kisha unakata pointi kwa kila dosari. Senti yenye ukali wa 20 ila ina vishimo vya kutu na gongo ukingoni inaweza kuishia 10. Tumia utaratibu huu hata ukinunua iliyo ndani ya kasha. Namba ya kasha mara nyingi ni ya juu kuliko ile ambayo wakusanyaji wa shaba wangetoa, na bei za minada yao hufuata namba ya chini.

Ngozi nzuri ni ya kahawia, iliyolingana pande zote, laini chini ya lenzi, ina mng'ao wa ndani kama nta. Rangi ya waridi au ya chungwa iliyosawazika hadi ndani ya herufi ni dalili ya kusuguliwa au kuoshwa kwa asidi. Weusi wa moshi uliolala sawasawa, bila kufifia kwenye sehemu zilizoinuka, ni wa kupakwa. Kwa senti za 1808 hadi 1814 legeza sharti: shaba yake ilikuwa laini, ikashika weusi na vishimo haraka, na safi kabisa hugharimu sana.

Miaka inayoghushiwa

Ya 1799 hutengenezwa kutoka 1798 kwa kuchonga tarakimu ya mwisho. Linganisha tarakimu mbili za 9: zimetoka kwenye chombo kimoja, zinapaswa kufanana. Tazama pia kama shaba imeshuka au imekwaruzwa kuizunguka ya mwisho, kisha hakikisha jozi. Ikiwa mgongo ni wa muhuri unaojulikana wa 1798 tu, kazi imekwisha.

Ya 1804 ina jozi moja tu, S-266, na alama isiyokosea: tarakimu 0 ya mwaka imekaa sambamba na O ya OF iliyo upande wa pili. Nyingi zina bonge la muhuri uliovunjika juu ya RTY, na baadhi pia juu ya MERIC mgongoni. Kuna pia ile iitwayo 1804 ya kupigwa upya, iliyotengenezwa na watu binafsi yapata 1860 kwa mihuri chakavu iliyotupwa na kiwanda. Mgongo wake ni wa 1820, una shada la duara lililofunga na hauna 1/100 chini, kwa hiyo hujulikana kwa kutupa jicho mara moja. Ni kitu cha kukusanywa kwa jina lake. Tatizo ni anayeiuza kama halisi.

Nusu senti za wakusanyaji za miaka ya 1840 zilipigwa tena baadaye. Za awali zina vitunda vikubwa kwenye shada, za marudio zina vidogo. Na kwa ghushi za kisasa, ambazo siku hizi zinafuata hata nambari za Sheldon, kinga bora ni kulinganisha picha. Zile zinazotoka kwenye kalibu moja zina mikwaruzo na magongo yaleyale mahali palepale. Ukiona sarafu mbili "tofauti" zenye kovu moja, ziache zote mbili.

Kusafisha, kama kuna lazima

Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba visikaribie meza. Asidi huondoa tabaka la kahawia ambalo limechukua miaka 200 kujengeka, na shaba inayobaki wazi ni ya waridi, imekufa, na thamani iliyotoka hairudi.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa mafuta na uchafu uliolala juu. Tumia zailini safi (xylene, kiyeyusho cha mafuta) ndani ya chupa ya glasi yenye kifuniko cha chuma, plastiki itayeyuka. Fanya kazi nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, na mvuke usiuvute. Lowesha kwa saa 24. Itoe kwa kushika ukingo, ilaze juu ya kitambaa cha pamba, kisha viringisha pamba iliyolowa zailini juu ya uso bila kusugua. Kutu ya kijani iliyolainika inyanyue kwa kijiti cha mbao kilichochongwa au mwiba. Sindano ya chuma huacha mkwaruzo hata mkono ukiwa mwepesi. Kijani kigumu kilichoingia ndani kiache: ukikibandua, chini yake kuna shimo, na doa la rangi limegeuka kuwa kidonda. Sarafu ya kahawia ikikauka, ipitishe brashi laini ya manyoya ya mbuzi mara chache. Yenye wekundu wa asili haipigwi brashi kamwe.

Kuhifadhi pwani

Hewa ya Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Muscat ina unyevu na chumvi, na vyote viwili ni adui wa shaba. Kila sarafu iwekwe kwenye kifuko cha pamba ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, bahasha kwenye sanduku linalobana hewa, pamoja na vifuko vya silika vinavyobadili rangi vinaposhiba. Vikaguliwe kila mwezi wakati wa masika. Mifuko ya plastiki laini ya PVC hutoa ute wa kijani unaokula shaba, na raba za kufungia zina salfa inayoitia weusi. Usizungumze juu ya sarafu iliyo wazi, kwa sababu tone la mate huacha doa jeusi lisilotoka. Alama ya kidole vivyo hivyo.

Kununua kutoka mbali

Minada mikubwa huongeza ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani bei iliyoshinda mnadani, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Itoe kwenye kikomo chako kabla ya kutaja bei. Omba picha ya ukingo na uzito kwa gramu. Mwuzaji anayekataa kupima amekwisha kujibu. Kama ina nambari ya S, N au C, ihakikishe mwenyewe kwenye picha, kwani vibandiko vya makasha navyo hukosea. Mzigo ukija Afrika Mashariki au Ghuba, mwambie mtumaji aandike thamani halisi na fungu la forodha 9705, la vitu vya wakusanyaji zikiwemo sarafu, na umwulize wakala wako wa forodha ushuru kabla mzigo haujaondoka. Bima ipitie thamani yote, na kwenye kifurushi lisiandikwe neno sarafu kwa nje. Maelezo yakae ndani ya hati.

Kwa kila kipande andika kadi: mwaka, nambari ya jozi, hatua ya nyufa, uzito, daraja lako na la mwuzaji, tarehe na bei. Piga picha uso, mgongo na ukingo kwa mwanga uleule kila mara, ili baada ya masika uweze kulinganisha kama doa limekua. Ikiwa imekuja na kibahasha cha zamani chenye mwandiko wa mkusanyaji aliyetangulia, kihifadhi pamoja nayo hata kikiwa kimechanika, kwa kuwa wanunuzi wa shaba hulipia historia ya umiliki, na kibahasha kikitupwa hakuna njia ya kuithibitisha.